Aliyetoka kapa naye aandikwe: barua ya wazi kutoka diko la Tongoni

Waheshimiwa mnaosimamia uvuvi, hifadhi na utafiti wa bahari yetu,

Shikamooni mlio wakubwa wangu; rika langu na wadogo zangu, habari za kazi. Mimi ni mwandishi wa diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, hapa Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, pale penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Kwa sura hamnijui, lakini kazi yangu mnaijua: zile namba za kilo na aina za samaki zinazoanzia ufukweni, zikapanda wilayani, zikafika mezani kwenu, baadhi yake zimetoka kwenye kalamu yangu. Daftari langu la kwanza ni la mwaka 2006. Kabla ya hapo nilikuwa natega dema na marehemu baba, mpaka mgongo uliponigomea.

Jana asubuhi, maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kupwa, vyombo tisa vilirudi. Vitano vikaja moja kwa moja kwenye mizani. Nikapima, nikaandika: changu kilo 14, tasi kilo 9, mkundaji kilo 6, pweza wawili, na tenga moja la mchanganyiko ambalo wachuuzi walianza kulivuta kabla sijamaliza kulitazama. Vile vinne vingine havikupita kwangu kwa sababu havikuwa na cha kupima. Ngalawa mbili zilivutwa juu, vijana wakakunja tanga, wakaenda zao bila kumsemesha mtu. Mmoja alikuwa na vibua vitatu ndani ya kopo la rangi, kitoweo cha watoto. Fomu niliyopewa haina mahali pa kuwaandika hao wanne. Nikajumlisha vyombo vitano, nikagawa kwa tano, wastani ukatoka mzuri tu. Kwa mujibu wa fomu, jana bahari ya Tongoni ilikuwa nzima.

Nimefanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na wala sikujua kwamba ni kosa. Aliyenifumbua macho ni mwanangu wa kike. Amesomea takwimu chuo kikuu, na Idd iliyopita alipokuja nyumbani akanikuta napanga madaftari, akaniambia, "Baba, nipe haya niyaingize kwenye kompyuta, nione bahari yako inasema nini." Siku nne hakutoka barazani. Siku ya tano akaniita, akaniambia bahari yangu ina mengi ya kusema, ila mimi na waliotuletea fomu tumeiziba mdomo.

Kwanza akanionesha namba zinazoishia na sifuri. Kilo 20, 30, 40, 50, ukurasa baada ya ukurasa. Alisema kama kweli ningekuwa nasoma mizani kila mara, tarakimu za mwisho zingegawana kwa usawa: zinazoishia na 7 zingekuwa karibu sawa na zinazoishia na 0. Kwangu mimi sifuri na tano ndizo zimejaa, saba na tatu ni kama zimekatazwa na sheria. Nikacheka, kisha nikaona haya. Ni kweli. Nahodha ana haraka, jua linachomoza, mnada umeanza, ananipigia kelele, "Andika thelathini, mzee!" nami naandika thelathini. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuketi barazani miaka mingi baadaye akaniona nilipofumba macho.

Pili ndiyo hiyo ya waliotoka kapa, na hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Chukueni vyombo kumi. Zamani tisa vinapata kilo 20 kila kimoja, kimoja kinatoka kapa. Mimi naandika tisa, wastani wangu ni kilo 20. Ukweli ni kilo 18. Miaka ikapita. Sasa vyombo vitano vinapata kilo 20, vitano vinatoka kapa. Naandika vitano, wastani wangu bado ni kilo 20. Ukweli ni kilo 10. Kilichopatikana kimeanguka karibu nusu na fomu yangu haijatikisika hata nukta moja. Kila mwisho wa mwezi napeleka taarifa njema, na huko juu mtu mwema tu anachora mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Sikuhizi tumepewa na simu za kujazia. Yangu hainiruhusu kwenda ukurasa unaofuata nikiweka sifuri kwenye kilo. Inaniambia nimekosea.

Msidhani mtego huu ni wa maskini peke yake. Kule Newfoundland, Kanada, walikuwa na meli, mitambo na maprofesa, na samaki aina ya chewa wa kaskazini ya mbali waliwatazama wakiisha. Meli kubwa ziliendelea kuvua vizuri mpaka karibu na mwisho, kwa sababu samaki walivyopungua walijikusanya mahali pachache, na meli zenye vyombo vya kunusa samaki ziliwafuata palepale. Kilo kwa kila siku ya kuvua zilionekana nzuri, wakapata matumaini. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule, na watu zaidi ya 30,000 wakapoteza kazi. Chewa yule mpaka leo hajarudi kuwa kama alivyokuwa. Namba nzuri ufukweni si lazima ziwe habari njema za baharini.

Hata kwetu lipo, ila sisi tunafuata samaki kwa petroli. Baba alikuwa anasukuma ngalawa kwa upondo na tanga, nusu saa yuko kwenye mwamba wake, adhuhuri yuko nyumbani na kilo 40. Kijana wa leo ana boti ya faiba na injini ya farasi 15, anakwenda mwendo wa saa tatu kuelekea mkondo wa Pemba, analala huko, anarudi na kilo 40. Fomu yangu inawaandika sawa. Ina safu ya aina ya chombo na aina ya nyavu, haina safu ya saa alizokaa majini wala ya mahali alikokwenda. Wataalamu wanaita samaki kwa juhudi: chukua kilo, gawa kwa watu na saa. Kilo 40 za baba na kilo 40 za kijana yule ni vitu viwili mbalimbali, na tofauti yake ndiyo historia yote ya pwani hii katika miaka arobaini iliyopita. Sisi tumeitupa kwa kukosa safu mbili.

Baada ya hayo nikamwuliza binti swali ambalo ndilo lililonikalisha niandike barua hii. "Tuseme maradhi yote haya yamepona. Mizani inasomwa, waliotoka kapa wanaandikwa. Samaki wakipungua pole pole, tutajua baada ya muda gani?"

Akachukua karatasi. Akasema tuchukulie mfano: samaki wanapungua asilimia 3 kila mwaka, na wastani wa kila mwaka unayumba asilimia 30 hivi, juu au chini ya mstari wake, kwa sababu ya upepo, mvua na bahati. Kisha tudai uhakika wa kawaida wa wanatakwimu: tusipige yowe la bure zaidi ya mara 5 katika 100, na kama upungufu upo kweli, tuukamate mara 80 katika 100. Akakokotoa mbele yangu. Jibu likatoka miaka 22.

Miaka 22, waheshimiwa. Na samaki wanaopungua asilimia 3 kwa mwaka, ukifika huko wamebaki nusu na kidogo tu. Mkipima miaka 10, karibu robo yao imeshakwenda, na mtaalamu mwaminifu kabisa atawaandikia kwamba hakuna mabadiliko yaliyothibitika. Hajasema uongo. Amesema namba hazijatosha. Lakini mimi nimewahi kuketi kwenye kikao ambamo "haijathibitika" ilisomwa kwa sauti kubwa ikasikika "haipo", watu wakapiga makofi, tukanywa soda.

Kisha binti akafuta 30 akaandika 15. "Tuseme kuyumba tumekupunguza nusu," akasema. Akakokotoa tena: miaka 14. Waliokwenda ni theluthi moja badala ya karibu nusu. Hakuongeza samaki, hakuongeza meli wala wataalamu. Alipunguza tu kuyumba kwa namba, akawaletea habari ninyi miaka minane mapema.

Nikamwuliza kuyumba kunapunguzwaje. Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto wa mjini anayeuliza kwa nini maji yamekwenda mbali. "Baba, si wewe ndiye unayejua kwa nini leo samaki wapo na kesho hawapo?"

Najua, na kila mtu wa pwani anajua. Dagaa wanavuliwa kwa taa siku za giza; mbalamwezi ikiwa kamili taa haiwavuti, wavuvi wanashona nyavu. Sasa kama mwezi huu nimepangiwa kuandika wiki ya giza na mwezi ujao nimepangiwa wiki ya mbalamwezi, karatasini dagaa wamekufa wote ndani ya siku thelathini. Bamvua na maji mafu ni hivyo hivyo: pweza anafuatwa maji yakipwa sana, wakati wa maji mafu kina mama hawafiki hata alipo. Kusi ikivuma, tangu Aprili mpaka Septemba, ngalawa nyingi hazitoki nje ya mwamba, zinahangaika ndani. Kaskazi ikiingia bahari inafunguka, kila mtu yuko nje. Mvua kubwa ikishuka Usambara, mto Zigi na mto Pangani huleta tope, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, wapiga mbizi wanakaa nyumbani huku wavua kamba wakichekelea. Haya yote yanatikisa namba, na hakuna hata moja linalohusu kama samaki wanapungua au wanaongezeka. Mwanatakwimu akiambiwa siku ile ilikuwa mwezi wa ngapi angani, upepo gani, saa ngapi majini, zana gani, anaweza kuyatoa hayo kwenye hesabu yake kama mtu anayepepeta mchele. Asipoambiwa, anapika na makapi.

Mwezi hauhitaji bajeti. Kila msikiti una kalenda.

Jambo la tatu alilolikuta kwenye madaftari yangu lilitufanya tucheke mpaka jirani akachungulia. Kuna programu za kompyuta zinazotafuta mahali ambapo mfululizo wa namba umebadilika ghafla, ukaacha tabia yake ya zamani. Akaipa hesabu zangu za changu. Programu ikapiga mstari mwekundu katikati ya picha: hapa pametokea mabadiliko makubwa, changu wameanguka. Moyo wangu ukapiga. Nikaomba anitajie mwezi. Akautaja. Nikaenda ndani nikaleta daftari la mwezi ule, na ndani yake kumekunjwa barua ya kutufahamisha kwamba kuanzia sasa tunatumia fomu mpya, na kwamba changu, kangaja na wenzao wote tuwaandike pamoja chini ya "samaki wa mwamba", isipokuwa mvuvi atakapowatenganisha mwenyewe. Nani atatenganisha mnadani? Changu hawakuanguka baharini. Walianguka kwenye fomu. Programu ilifanya kazi yake vizuri sana, ikagundua badiliko la ofisini.

Tangu nianze kazi fomu imebadilishwa mara tatu. Kila mara kwa nia njema, na kila mara ya zamani inazimwa Ijumaa, mpya inaanza Jumatatu. Hakuna hata mwezi mmoja tulioandika zote mbili kwa pamoja ili mtu ajue kilo za fomu ya zamani ni sawa na ngapi za fomu mpya. Hata mshona nguo akibadili futi huanza kwa kupima kitambaa kimoja kwa futi zote mbili.

Kuna watu waliofanya kinyume chake. Tangu mwaka 1931, meli za biashara katika Bahari ya Kaskazini huko Ulaya zinakokota nyuma yake kisanduku cha chuma kilichobuniwa na mwanasayansi Mwingereza, Alister Hardy. Ndani yake mna utepe wa hariri unaojizungusha pole pole na kunasa vijidudu na vijimea vidogo vinavyoelea, chakula cha samaki wachanga. Meli haibadili safari yake. Inapeleka mizigo yake, kisanduku kinafuata nyuma. Hariri ile ile, namna ile ile ya kuhesabu, miaka nenda miaka rudi. Baadaye wakaona jambo ambalo mvuvi mmoja mmoja asingeweza kuliona: mwishoni mwa miaka ya 1980 bahari ile nzima ilihama hali, vijidudu vya maji baridi vinarudi nyuma na vya maji ya uvuguvugu vinaingia, na samaki wanaowategemea wanafuata. Kuna zaidi. Hariri za zamani hazikutupwa. Mwaka 2004 watafiti walizifungua tena wakatafuta chembe za plastiki, wakaonesha kwamba zimeongezeka tangu miaka ya 1960. Waliokokota visanduku vile miaka ya 1960 hawakuwa wakifikiria plastiki kabisa. Waliweka tu akiba ya jibu, swali likaja baadaye.

Sisi akiba yetu iliwekwa chini ya ngazi. Sitaitaja ofisi, maana aliyefanya hivyo alikosa kabati, hakukosa adabu. Nilikwenda kuulizia karatasi tulizozipeleka miaka saba mfululizo, nikaoneshwa maboksi mawili. Nikafungua la kwanza. Mchwa walikuwa wameanza kula kutoka ukingo wa kushoto, wakala kwa nidhamu, karatasi zote kwa pamoja, wakasimama kama vidole vitatu kutoka pembeni. Ukingo wa kushoto ndipo palipo safu ya tarehe. Kilo zilikuwepo, zinasomeka, mwandiko wangu mwenyewe: changu 12, pono 7, taa 1. Lini? Wanajua mchwa. Kilo isiyo na tarehe haina kazi kwa mtu anayetafuta mwelekeo; ni kama kukutana na ushanga mmoja mmoja njiani, uzi hakuna. Nikalifunga boksi nikalirudisha palepale. Pengine hilo ndilo kosa langu.

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Siku hizi nikiusikia nawakumbuka wenye miradi. Nisiwe mwizi wa fadhila: kati ya 1994 na 2007 mkoa huu ulikuwa na mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani, ukisaidiwa na Ireland na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na wanavijiji wa kawaida walifundishwa kuzamia na kuhesabu samaki na matumbawe kwenye miamba yao. Mwaka 1998 maji yalipopata moto isivyo kawaida na matumbawe yakageuka meupe kote Bahari ya Hindi ya magharibi, huku kwetu walikuwepo watu wanaojua mwamba wao ulikuwaje kabla. Hiyo si kazi ndogo. Tangu hapo nimewapokea wageni wengi wenye maturubai na miwani ya kuzamia. Mmoja anatandaza kamba ya mita 50, mwingine ya mita 20. Mmoja anahesabu samaki wote, mwingine anahesabu aina saba anazozipenda. Mmoja anakwenda mwamba huu, mwingine anauona una mkondo mkali anahamia wa jirani. Kila mmoja peke yake ni msomi mzuri, na kila ripoti peke yake ni safi. Ukiziweka pamoja hazisemezani. Miaka mitatu hapa, miwili pale, katikati mashimo.

Halafu kumbukeni ni viumbe gani tunaojidai kuwapima. Hifadhi ya silikanti ilitangazwa hapa Tanga mwaka 2009, baada ya samaki huyo wa kale kuanza kunaswa kwenye majarife ya papa yaliyotegwa maji marefu. Mwaka 2021 wanasayansi waliosoma mistari ya magamba yake, kama tunavyosoma pete za mti, walieleza kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, anafikia kuzaa akiwa na umri wa miaka 50 na ushei, na mimba yake inakaa takriban miaka mitano. Mradi wa miaka mitatu unaisha samaki bado hajajifungua! Kasa naye anachukua miongo kabla ya kurudi kutaga. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kasa wengi; wazee wanakumbuka kivuli chake. Miti ilikwisha kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, leo ni fungu la mchanga, na mayai ya kasa wanaotaga pale yanahamishiwa Ushongo yasisombwe na maji. Kijana aliyezaliwa baadaye anajua Maziwe ni fungu. Kwake hiyo ndiyo Maziwe, haijapungukiwa kitu.

Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika juu ya hali hiyo: kila kizazi cha wataalamu kinachukua bahari kilivyoikuta siku ya kwanza ya kazi kuwa ndiyo kipimo, kwa hiyo kila kizazi kinaona hasara ndogo tu. Nami siwaamini wazee wangu kwa kila neno, niseme ukweli. Baba alikuwa anamkumbuka nguru wa mwaka fulani kila Ramadhani, na nguru yule alikuwa anakua. Kumbukumbu inashika samaki wakubwa na kuacha siku za njaa. Ndiyo maana nadai daftari. Daftari halikui kila Ramadhani.

Sasa niseme jambo lenye haraka. Bandari ya Tanga imechimbwa kina mpaka mita 13 ili meli zifike gatini. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Sina ugomvi na bandari, wanangu wawili wanatafuta ajira humo humo. Lakini iko siku mtu atauliza: bahari imebadilika au haijabadilika, na kama imebadilika, ni kwa sababu ya meli au ni joto la dunia? Kulijibu hilo kuna njia moja inayoaminika. Unapima mahali panapoguswa na mahali pasipoguswa, kabla na baada, kwa namna ile ile. Pakibadilika kwote kwote, sababu ni ya bahari nzima. Pakibadilika pale penye meli peke yake, mnajua pa kuuliza. Njia hii inampa haki mwenye meli kama inavyompa mvuvi, maana inamkinga asisingiziwe. Tatizo lake ni moja: "kabla" hainunuliki baadaye kwa fedha yoyote. Mwaka mmoja wa "kabla" hautoshi, maana huenda ukawa mwaka wa mvua kama ule wa mwisho wa 2019, mkajiona mna tope la kudumu. Zinatakiwa hesabu za miaka kadhaa za miamba ya karibu na bandari, na za miamba ya mbali, tuseme upande wa Moa kaskazini na Kigombe kusini, zote kwa kamba moja. Zilizopo kwenye makabati yenu zikusanywe leo, ziwekwe pamoja, tuone pengo liko wapi.

Na mwamba uandikwe. Baruti tulizozisikia miaka na miaka zimenyamaza kwa sehemu kubwa tangu operesheni za 2017 na 2018, nasi tunawashukuru walioingia kazini. Swali la kawaida kabisa linafuata: miamba iliyopigwa imepona? Daftari langu haliwezi kujibu, kwa kuwa linaandika samaki waliposhukia, haliandiki walipotoka. Najua nahodha hatanitajia mwamba wake wa siri, na mimi ningekuwa yeye nisingemtajia mtu. Simtaki anipe alama ya mahali. Anitajie tu kama ni ndani ya mwamba au nje, upande wa kisiwa cha Yambe au upande wa Kigombe. Hilo analisema bila kusita; nimeshajaribu.

Kina mama wa mwani nao wana daftari, la kilo walizouza. Mwani ukilainika na kuoza kwenye kamba wanasema maji yamekuwa ya moto, na hakuna mahali pa kuandika maji yalikuwa na joto kiasi gani siku ile. Kipimajoto kimoja kwa kila kikundi, na mtu mmoja wa kukisoma saa ile ile kila siku. Naliacha hapo, wao wanaweza kuandika barua yao.

Mtasema fedha. Hapana, nyingi ya hizi hazitaki fedha. Sifuri ikubaliwe na simu. Safu ya saa majini, safu ya mwezi, safu ya ndani au nje ya mwamba. Fomu ikibidi kubadilika, ya zamani na mpya ziandikwe pamoja mwaka mzima kabla ya kuzika mojawapo. Karatasi za zamani zipigwe picha kabla mchwa hawajafika safu ya pili. Atakayekuja na mradi aoneshwe mwamba uliokwisha kuhesabiwa, na kamba iliyotumika, aambiwe aanzie hapo. Na majibu yarudi ufukweni. Tangu 2006 nimepeleka namba kila mwezi, sijarudishiwa hata mchoro mmoja. Mchoro wa kwanza wa bahari yangu nimeoneshwa na mwanangu, barazani kwangu, kwa kompyuta yenye ufa kwenye kioo. Nahodha aliyekuwa ananipigia kelele za thelathini nilimwita akautazama. Alikaa kimya muda, akaniuliza ule mwaka wa chini kabisa ni upi. Siku hizi anasubiri mizani itulie.

Madaftari yangu yako kwenye sanduku la bati, juu ya matofali, nimeyawekea mwarobaini. Anayeyahitaji karibu Tongoni, aje na kamera yake. Sanduku halitoki nyumbani. Atakuta kwamba tangu Idd, pembeni mwa kila ukurasa, nje ya mistari ya fomu, nimeanza kuandika kwa penseli herufi K kwa kila chombo kilichotoka kapa. Jana ni K nne. Leo, mpaka naandika hapa, ni mbili, na dau moja bado halijaonekana.

Wenu katika kazi,
Mwandishi wa diko, Tongoni, Tanga